Kabla ya kudai Friesian, tuangalie horini kuna nini kiangazi hiki

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kuna msomaji aliandika humu kwamba maziwa Tanga yanapungua kila kiangazi kwa sababu ng'ombe wetu ni machotara waliochoka, kwa hiyo tuletewe mitamba ya Friesian halisi, wale ng'ombe wa maziwa wa kizungu, tuachane na hawa. Mimi nafuga huku Pongwe na nampinga kwa heshima zote. Mtamba wa aina hiyo ni hela ndefu, alafu umfikishe hapa mwezi wa pili na joto hili la pwani, umfungie banda lilelile, umwekee mabua yaleyale, nakwambia atakonda kabla ya huyo chotara unayemdharau maana mwili wake unadai chakula kingi zaidi na joto halivumilii.

Tuseme ukweli, masika hakuna anayelalamika. Majani ya tembo yapo, wakata majani wanapita na baiskeli zao, bei poa. Ngoja ifike Januari, Februari, mzigo uleule unakonda na bei inapanda, na majani yenyewe yameshakomaa yamekuwa magumu, ndo wengi wetu tunaangukia mabua ya mahindi. Ng'ombe anakula anashiba, tumbo unaliona limejaa kabisa, ila ndoo haijai.

Hapo kwenye tumbo ndo kuna siri yenyewe. Ng'ombe hasagi mabua peke yake, yanasagwa na vijidudu vinavyoishi kwenye lile tumbo kubwa la kwanza, na vijidudu hivyo vinataka protini kama asilimia 7 ya chakula chote ndo vifanye kazi vizuri. Mabua makavu yana kama asilimia 4 tu. Ikipungua hivyo chakula kinakaa tumboni muda mrefu hakisagiki, na kwa kuwa bado kimejaa mle ndani ng'ombe hali tena. Ukitaka kuhakikisha nenda bandani asubuhi uangalie mavi (mtanisamehe wasomaji mnaokunywa chai). Yakiwa yamesimama kama tuta, makavu, ukiyapasua kwa kijiti unakuta nyuzinyuzi ndefu za mabua karibu kama zilivyoingia, basi jua huyo ana njaa ya protini hata kama hori halijawahi kuwa tupu.

Wengi tukiona hivyo tunakimbilia pumba. Pumba si mbaya, zinatia nguvu, lakini hesabu haifiki. Chukua ng'ombe wa kilo 400, kwa siku anakula kama kilo 12 za chakula kikavu. Mpe kilo 10 za mabua na kilo 2 za pumba za mahindi zenye protini asilimia 10, ukijumlisha unapata gramu 600 za protini, yaani asilimia 5, bado yuko chini. Sasa zile kilo 2 ziwe mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, haya yetu yenye maganda tuseme protini asilimia 25, unafika gramu 900 na asilimia yako ni 7 na nusu. Uzito uleule horini, ila mabua yameanza kusagika na ataongeza kula mwenyewe. Pumba juu ya mabua ni ugali juu ya ugali, mboga hamna. Ukiweza kumpa vyote viwili, mashudu na pumba, hapo ndo maziwa yanapanda kweli.

Na hasara yenyewe si lita mbili tatu za leo tu, hiki ndo kitu watu hawakipigii hesabu kabisa. Ng'ombe aliyezaa Desemba akakonda Januari na Februari haonyeshi joto, yaani dalili za kutaka dume, unasubiri, unasubiri, mpandishaji wa mbegu unampigia simu kila ukidhani umeona dalili, unalipa, hashiki. Mwisho badala ya kuzaa kila mwaka anazaa baada ya mwaka na nusu, na miezi yote hiyo unalisha ng'ombe asiyekamuliwa. Friesian naye atafanya hivyohivyo.

Mtaniambia mashudu ni ghali. Ni ghali kweli, Februari. Alizeti ya Singida na Dodoma inavunwa kuanzia kama mwezi wa tano, viwanda vinakamua, mashudu yanakuwa ya kumwaga, alafu sisi tunakwenda kuyatafuta kilo kumi kumi wakati kila mtu nchi nzima anayatafuta. Ombi langu kwa viongozi wa vyama vya msingi vilivyo chini ya TDCU, ule muungano wetu wa ushirika wa maziwa Tanga, ni hili: vituo vya kukusanyia maziwa vichukue oda za wafugaji mapema, mzigo ununuliwe kwa pamoja bei ikiwa chini, kila mtu akatwe kidogokidogo kwenye hela yake ya maziwa. Ila msinunue ya miezi sita kwa mpigo, mashudu ya mashine zetu yana mafuta, yanachacha, na unyevu wa Tanga mnaujua. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, na yakiota ukungu yatupwe, kwa sababu sumu ya ule ukungu inapita mpaka kwenye maziwa na kuchemsha hakuitoi. Pia mzigo ukaguliwe kabla ya kulipa, kuna mwuzaji alituletea pumba kumbe kachanganya maganda ya mpunga yaliyosagwa, tukalipa bei ya pumba.

Yurea, ile mbolea ya chumvichumvi, sitaiongelea sana. Inasaidia kulainisha mabua, ila ikizidi inaua ng'ombe ndani ya saa chache, asiyeelekezwa na mtaalamu asijaribu.

Kwa asiye na hela kabisa kuna lusina na glirisidia, miti ambayo majani yake ni malisho, tena vinaota vizuri tu ukanda huu, vinafaa hata kuwa uzio wa shamba. Majani makavu ya lusina protini yake ni asilimia 20 na zaidi, unayakata mvua zikiwepo, unayaanika kivulini, unayapukuchua kwenye gunia unaweka. Lusina isizidi theluthi ya chakula, ina kitu ndani yake kikizidi kinamdhuru. Glirisidia mara ya kwanza ng'ombe atanusa ageuze shingo, harufu haipendi, iache inyauke siku nzima ndo umpe, atazoea. Na maji jamani, kila lita ya maziwa inataka kama lita nne tano za maji, ndoo mbili kwa siku kwa ng'ombe aliyefungwa bandani Februari ni mateso.

Masika iko mlangoni, mbegu za lusina zinataka kutiwa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi kabla ya kupanda la sivyo zinachelewa sana kuota. Mabwana mifugo wa kata wakizileta pale kituoni asubuhi tunapopeleka maziwa watatukuta wote, hakuna haja ya kuitisha semina.

Mfugaji, Pongwe, Tanga