Wanafunzi wa tiba kwa vitendo wapelekwe hadi majumbani mwa wagonjwa

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) huanza kuulizana waombe kozi gani ya afya. Zinazotajwa ni zile zile: udaktari, famasi, uuguzi, maabara. Tiba kwa vitendo, iitwayo kwa Kiingereza occupational therapy, hutajwa mwishoni, tena na mtu asiyeijua kazi yenyewe. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo mkoani Tanga na nimekuwa nikipokea wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo kazini. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana hao, na wazazi wao, na hasa vyuo vinavyowafundisha.

Mwenzetu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na nguvu za misuli, viungo na mwendo. Sisi tunamuuliza mgonjwa anataka kurudi kufanya nini. Kuoga mwenyewe, kuvaa shati, kula bila kulishwa, kushika kalamu, kurudi gengeni kuuza nyanya. Ili kufika huko mwanafunzi husoma anatomia na fiziolojia, mfumo wa neva, ukuaji wa mtoto, saikolojia na magonjwa ya akili, na hujifunza kutengeneza splinti (vishikizo vya kunyoosha na kutuliza viungo) na vifaa saidizi kwa mikono yake. Stashahada imefundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa miaka mingi, na sasa shahada nayo inasomwa hapa nchini. Anayedhani hii ni kozi ya waliokosa nafasi ya udaktari, aje akae nasi wiki moja.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Shirikisho la Dunia la Watoa Tiba kwa Vitendo, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi awe amefanya saa zisizopungua 1,000 za mafunzo kazini kabla ya kuhitimu. Kwa wanafunzi ninaowapokea, karibu saa zote hizo huishia wodini na kliniki. Ninaomba angalau robo yake, yaani saa 250, zifanyike nyumbani kwa wagonjwa, shuleni na vijijini, na zihesabiwe kwa alama kama zinavyohesabiwa za hospitali.

Wodini kuna kitanda cha kupandisha na kushusha, choo cha kukalia, maji ya bomba na sakafu sawa. Mama aliyepata kiharusi akifanikiwa kuvaa gauni kwa kutanguliza mkono uliolegea, tunafurahi, tunaandika kwenye faili kwamba anajitegemea, anaruhusiwa. Nyumbani anakuta choo cha shimo cha kuchuchumaa, kizingiti kirefu mlangoni, jiko la mafiga matatu na kisima nyuma ya nyumba ya jirani. Kati ya vyote hivyo, ni kipi kilichomo kwenye faili?

Chukua ugali peke yake. Kuusonga kunahitaji mikono miwili, mmoja wa mwiko na mwingine wa kushikilia sufuria isizunguke. Mama mwenye mkono mmoja anaweza kuwa na nguvu zote za kusonga na bado asiweze, kwa sababu sufuria inakimbia juu ya mafiga. Suluhisho lake ni fundi wa kuchomelea: vyuma viwili vya kubana sufuria, vimesimama imara pembeni ya jiko. Ni kazi ya muda mfupi, kwa vyuma vinavyopatikana kwenye karakana yoyote. Lakini mwanafunzi hawezi kuwaza kifaa hicho akiwa amesimama mbele ya kitanda cha hospitali. Anatakiwa aione sufuria ikimponyoka mgonjwa, na ajue fundi yuko wapi.

Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Darasani mwanafunzi amefundishwa kwamba mtoto alishwe akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, uji uwe mzito kiasi, kijiko kipelekwe taratibu, na kwamba kumlaza chali au kumwinua kidevu kunaweza kupeleka chakula kwenye njia ya hewa na kumletea nimonia. Anamweleza mama kliniki, mama anaitikia. Ila katika nyumba nyingi anayemlisha mtoto mchana ni bibi, maana mama yuko shambani au sokoni, na bibi amelea watoto wengi kwa kuwapakata na kuwainamisha nyuma. Bibi huyo haji kliniki. Ni lazima umfuate, upige hodi, uvue viatu, usalimie, ukae mkekani, umsikilize kwanza. Halafu umshike mtoto mbele yake, naye aone mwenyewe kwamba akiketishwa vizuri hapaliwi. Haya ni mafunzo ya kitabibu kamili, na yanastahili alama.

Na kiti cha mtoto huyo? Kuna ufundi uliotoka Zimbabwe wa kutengeneza viti na meza kwa maboksi na makaratasi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka hadi yanakuwa magumu kama mbao. Kinakatwa kwa kipimo cha mtoto husika, na malighafi yake hutupwa kila siku nyuma ya maduka. Ningependa kila mhitimu awe ametengeneza angalau kimoja, akakipeleka mwenyewe, akarudi baada ya mwezi kuona kama kinatumika au kimewekewa ndoo.

Huku pwani nimejifunza pia kwamba lengo la mgonjwa huenda lisiwe lolote kati ya yale yaliyopangwa kwenye fomu. Wazee wengi wanaopata kiharusi, ukiwauliza wanataka kuweza nini kwanza, hawasemi kutembea. Wanasema kutawadha na kuswali. Basi mpango mzima wa tiba unabadilika: namna ya kuinamisha kopo kwa mkono mmoja, pa kukaa bila kuteleza wakati wa kuosha miguu, jinsi ya kushuka mkekani na kuinuka, au kuswali juu ya kiti kwa yule ambaye mwili umekataa. Mwanafunzi aliyeona mzee akiswali tena barazani kwake huwa haulizi tena kwa nini aliisoma anatomia ya bega.

Wanaosema nyumbani si mahali pa kufundishia mwanataaluma wa afya wanasahau taaluma hii ilikoanzia. Chama cha kwanza kilianzishwa Machi 1917 huko Clifton Springs, jimbo la New York nchini Marekani, na mkutano wake ulifanyika katika nyumba. Mwenye nyumba, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, akajirudishia uwezo kwa kazi za mikono pale pale nyumbani kwake. Mezani alikuwepo daktari wa magonjwa ya akili, William Rush Dunton, na Eleanor Clarke Slagle aliyetoka kwenye ustawi wa jamii. Thomas Kidner naye alikuwa msanifu majengo. Wasanifu majengo wawili kwenye mkutano wa waanzilishi! Walijua kwamba kizingiti na ngazi vinaweza kumfunga mtu hata baada ya mwili kupata nafuu.

Upande wa afya ya akili hatuna haja ya kwenda mbali. Katika hospitali ya Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya matibabu ya wagonjwa wa akili kwa miaka mingi. Mwanafunzi apite mahali kama pale, kisha amfuate mgonjwa mmoja hadi kijijini kwao, aone kama ndugu wanampa jembe au wanamfungia ndani. Hapo ndipo tiba hufaulu au huanguka.

Najua ugumu uliopo. Nauli ni fedha, wasimamizi ni wachache, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kuachwa peke yake katika nyumba ya watu. Hilo la mwisho ni la kweli na lisipuuzwe: waende wawili wawili, familia iwe imeridhia, na msimamizi awepo ziara ya kwanza na ya mwisho. Kuhusu wasimamizi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba zenye wagonjwa kuliko sisi, na walimu wa vitengo vya elimu maalumu wanaomba msaada wetu kila muhula. Hao wanaweza kuwa wenyeji wa wanafunzi huku mtaalamu akipita mara kwa mara. Kuhusu nauli, mikopo ya elimu ya juu ina fungu la mafunzo kwa vitendo. Vyuo viandike ziara za majumbani katika mtaala ili zitambuliwe katika fungu hilo, badala ya kumwachia mwanafunzi achangiwe na wenzake. Halmashauri zenye gari la huduma ya mkoba nazo zinaweza kuacha viti viwili.

Kwa vijana wanaojaza maombi mwaka huu: kama unapenda sayansi na pia unapenda watu, kama mikono yako haichoki kutengeneza vitu, jazeni kozi hii kwenye nafasi ya kwanza, msiiache iwe ya tano. Kabla ya kuthibitisha udahili, kiulizeni chuo swali moja, nanyi wazazi mulisimamie lijibiwe kwa maandishi: katika zile saa 1,000 za mafunzo kazini, ni ngapi mwanafunzi atazifanya nje ya geti la hospitali, na nani atakuwa naye huko?

Mtoa tiba kwa vitendo,
Korogwe, Tanga