Alicheka barazani siku ya tatu

Shangazi,

Adhana ya alfajiri imenikuta macho tena, ndipo nikaona heri nikuandikie. Mume wangu alicheka, Shangazi. Siku ya tatu tangu tumzike mtoto wetu, mimi niko chumbani maziwa yananitoka hadi leso imelowa, nasikia sauti yake barazani akicheka na wenziwe. Maziwa, na wa kuyanyonya hayupo.

Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mtoto akaoshwa, akavishwa sanda, akapewa jina. Wanaume wakaenda naye makaburini, nami nikabaki na mavyaa. Jina lile mume wangu hajalitaja tangu siku hiyo. Nikilitaja mimi, huinuka akashuka pwani kushona nyavu.

Mavyaa asema ni ile mashua niliyopanda kwenda Mokowe. Nani hapa Lamu hapandi mashua? Sikubeba mzigo, bahari ilikuwa shwari, na daktari alisema mashua haitoi mimba. Maneno hayo niliyarudia mbele ya mamake, mume wangu akasikia. Akanyamaza. Mtu akinyamaza vile si amekubali kwamba mimi ndiye niliyemwua mwanawe?

Arubaini imekwisha na bado alala darini, ati chini kuna joto. Joto gani na kusi hii?

Usiniambie nisubiri. Kila anayekuja kunipa pole asema Mungu atanipa mwingine. Mimi namtaka huyu. Nguo zangu nimeshafunga, narudi kwetu Faza.

Juzi natafuta nguo za kufua, nikakuta kikoi chake chini ya nyavu, kimekunjwa vizuri, mchanga bado umo kwenye pindo. Ndicho alichovaa siku ya mazishi. Nilipotaka kukitia majini alininyang'anya, mikono yamtetemeka. Hakusema neno, akapanda nacho darini. Sasa kama moyo wamuuma hivyo, mbona alicheka? Mbona alie na kikoi, asilie na mimi? Mimi ndimi niliyembeba.

Nataka anipeleke makaburini anionyeshe alipomlaza. Nimuulize vipi asiinuke akaenda zake? Nikiuliza kwa ukali atanyamaza, nikilia atashuka pwani. Nipe maneno, Shangazi. Si kwamba nataka kubaki, nguo nimeshafunga. Nataka tu nijue kaburi liko upande gani, na kama usiku ule alilia.