Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mfuko wa Maafa na Bima ya Mvua

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Kazi za kawaida mnazijua: kamati ilikutana mara 11, mikopo midogo 38 ilitolewa, mafunzo yalifanyika mara 2 na hesabu zimekaguliwa. Mweka hazina atazisoma. Mimi naomba muda wenu kwa jambo linalozungumzwa sana nje ya vikao kuliko ndani: uamuzi wa kutumia theluthi ya mfuko wa maafa kulipia bima ya mvua.

Nakiri kwamba bima haikulipa. Wiki moja baada ya kupanda, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Nilikwenda mwenyewe kwenye shamba la mwanachama mmoja. Mbegu zilikuwa zimesombwa hadi mtaroni, zimechipua juu ya matope, na kule juu pamebaki changarawe. Kisha jua likawaka zaidi ya mwezi. Lakini mkataba ulihesabu jumla ya mvua ya msimu, ukalipa tu ikipungua kiwango, na zile siku nne peke yake zilitosha kukijaza. Kwa vipimo vya kampuni ya bima, msimu ulikuwa mzuri. Kipengele hicho tulipaswa kukisoma kwa makini zaidi, na lawama hiyo naipokea.

Lawama kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa wa kukurupuka siipokei. Mfuko wetu ulianzishwa kwa janga la mtu mmoja: nyumba ya huyu imeungua, wenzake wanachanga. Ukame na mafuriko havimpigi mmoja. Anayechanga na anayechangiwa wanaumia siku ileile. Mwaka juzi nilipokea maombi 64 ndani ya wiki mbili, na fedha zikaisha kabla sijafika la 30. Niliwarudisha watu mikono mitupu, nyuso zao nazikumbuka hadi leo. Ndiyo maana niliisimamia bima hii, na ningeisimamia tena.

Wala hatuko peke yetu. Ukame ulipoikumba Malawi msimu wa 2015/16, bima yake ya African Risk Capacity, taasisi ya Umoja wa Afrika inayokatia nchi bima ya maafa, haikulipa mwanzoni, kwa sababu hesabu zilichukulia kwamba wakulima wamepanda mbegu za muda mrefu, ilhali wengi walikuwa wameshahamia za muda mfupi. Hesabu zilipopitiwa upya, nchi ililipwa dola milioni 8 hivi. Jamaica nayo ilikuwa na dhamana ya maafa ya dola milioni 150, yaani fedha za wawekezaji ambazo nchi huzichukua kimbunga kikifikia kiwango kilichokubaliwa. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024 haikulipa kitu, maana kanieneo ya hewa, ambayo hushuka kadiri kimbunga kinavyokuwa kikali, haikushuka hadi kiwango cha mkataba. Oktoba 2025 kikaja kimbunga Melissa, dhamana hiyohiyo ikalipa yote. Wangeiacha baada ya Beryl, wangekuwa wapi?

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Mafunzo ya kusoma utabiri wa hali ya hewa, ambayo niliyaandaa kwa muda wangu na nauli yangu, yalihudhuriwa na wanachama 17 kati ya 212. Tume ya dunia iliyochunguza masuala ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba onyo la saa 24 tu linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Onyo la zile siku nne lilitufikia kwenye simu mapema. Walioahirisha kupanda, ninaowajua mimi, ni 9, na wote walikuwa kwenye mafunzo.

Ada ni hivyohivyo. Waliolipa kamili ni 97. Bima inalipiwa na hao, lakini wanaotaka kujua kwa nini haikulipa ni wote 212. Wanayo haki ya kuuliza, ila na ada nayo ina haki yake.

Mwaka ujao tunatarajia kukaa na kampuni ya bima ili mkataba uhesabu pia jinsi mvua inavyogawanyika, si jumla peke yake. Tukijaliwa, tutapata kipimamvua chetu wenyewe, na huenda tukaongeza mafunzo. Mkataba wa sasa unakwisha kabla ya kupanda. Daftari la ada litakuwa mezani kwa mweka hazina hadi mkutano ufungwe.

Mwenyekiti