228 au 5.9? Jinsi ya kusoma kipimo chako cha mafuta kwenye damu

Mama mmoja alifika hapa maabara akiwa na karatasi mbili mkononi, moja ya kwetu na nyingine ya mji mwingine. Yetu ilisema kolesteroli 5.9. Ile nyingine, ya mwezi mmoja baadaye, ilisema 228. Usiku hakulala, akiamini mafuta yamempanda karibu mara arobaini. Tukamkalisha, tukachukua kikokotoo, tukagawa 228 kwa 38.67 mbele ya macho yake. Jibu: 5.9. Kiwango ni kilekile, ila sisi tunaandika kwa mmol/L (milimoli kwa lita) na wenzetu wanaandika kwa mg/dL (miligramu kwa desilita), na 38.67 ndiyo namba ya kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na hilo linatuuma.

Kwa hiyo kabla hujaogopa namba, tazama herufi zilizo pembeni yake.

Hata herufi zikifanana, damu yenyewe haitulii. Kolesteroli ya mtu mmoja, mwenye afya, anayekula chakula chake cha kila siku, hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 6, na mashine nayo ina kosa lake dogo. Aliyelala kwa dakika 20 kabla ya kutolewa damu anaweza kusomeka hadi asilimia 10 chini ya vile angesomeka akiwa amesimama. Mpira wa mkono ukikazwa muda mrefu, namba inapanda. Ndiyo maana tunakuomba ukae kwenye kiti dakika kumi kwanza, hata kama una haraka, na mpira tunaufungua mapema. Ukiwa umetoka kuugua homa kali au kufanyiwa upasuaji, subiri wiki kadhaa, kwa sababu ugonjwa huishusha kolesteroli ukadhani uko salama. Ujauzito huipandisha.

Kwa aliyesomeka 5.9, sisi hatusemi "imeshuka" au "imepanda" mpaka tofauti ya vipimo viwili ifikie kama mmol/L 1 hivi. Kutoka 5.9 hadi 5.5 si ushindi wala si hasara.

Sasa chakula. Wateja wengi hujinyima nyama na chipsi siku mbili kabla ya kuja, wakitumaini majibu mazuri. Mlo wa jana hauigusi sana kolesteroli. Unachokigusa ni trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu baada ya kula. Zikiwa nyingi mno tunaziona kwa macho: tukishazungusha damu kwenye mashine, yale maji ya juu ambayo huwa ya manjano na angavu yanakuwa meupe mazito, kama tui la kwanza. Hapo LDL, ile tunayoiita kolesteroli mbaya, haiaminiki, kwa sababu mara nyingi haipimwi bali inakokotolewa kwa kanuni ya William Friedewald na wenzake ya mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri), toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2, zote zikiwa kwa mmol/L. Trigliseridi zikipita 4.5 kanuni hiyo haifai tena, na tutakuita urudi ukiwa umefunga saa 12. Wengine wote hawana haja ya kushinda njaa.

Kinachoisogeza LDL ni aina ya mafuta unayopikia wiki baada ya wiki. Chupa nyingi dukani zimeandikwa "haina kolesteroli", na ni kweli, maana hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Lakini ini lako ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli, na mafuta yaliyoshiba (kwa Kiingereza, saturated fat) hulizuia ini kuiondoa LDL kwenye damu. Mafuta ya nazi yameshiba kwa zaidi ya asilimia 80, mawese karibu nusu, alizeti kama asilimia 11. Hapa Tanga kumwambia mtu aache nazi ni kumwambia ahame, na hatusemi hivyo. Tunasema punguza tui zito la kila siku, samli iwe ya siku maalumu, kaangia alizeti. Yai moja kwa watu wengi halina uzito huo wanaoupewa.

Ukibadilisha mapishi, subiri wiki nne hadi sita ndipo upime tena, maabara ileile, saa zilezile. Dawa uliyoandikiwa usiiache kwa sababu ya karatasi moja, iwe yetu au ya wengine. Mpelekee daktari wako karatasi zote. Na ukija kwetu, njoo na zile za zamani. Kuzisoma pamoja nawe hatutozi.