YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOILI YA CHAJI YA HONDA GOLD WING GL1200 NA UDHALILISHAJI ALIOFANYIWA FUNDI WANGU KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,
Kitengo cha Mauzo ya Vipuri.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza kwa salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni barua hii haitafika ukurasa wa pili. Natumaini mu wazima hapo ofisini. Pikipiki yangu si nzima, na sababu mnayo ninyi.

Oda yangu iko kwenye kumbukumbu zenu, sitaieleza upya. Masharti ya kurudisha bidhaa mmeyaandika wenyewe na kuyachapa nyuma ya kila risiti, kwa hiyo hayo nayo nayaruka. Nataka tuzungumzie kilichokuwa ndani ya boksi, na kilichotokea tulipokirudisha.

Niliagiza koili ya chaji, yaani steta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, ya GL1200 ya mwaka 1986. Mpya. Niliwapa namba ya fremu na namba kamili ya kipuri, vipande vyake vyote vitatu, maana anayetunza pikipiki ya miaka hiyo hujifunza mapema kwamba jina la modeli peke yake halimfikishi popote. Ninyi mnaouza vipuri vya Honda mnajua kwamba tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, na 31120 ni steta. Kipande cha katikati hutaja modeli ambayo kipuri hicho kilibuniwa kwa ajili yake. Cha mwisho ni toleo. Mtu wenu wa simu alinisomea namba yote bila kukosea, akasema ipo, mpya, haijafunguliwa. Nikalipa siku ileile.

Boksi lilikuja na lebo yenye namba yangu sawasawa. Fundi wangu akapitisha ukucha pembeni mwa lebo, ikabanduka. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, kuukuu, na kipande chake cha katikati si changu. Tukafungua. Koili ilikuwa imepakwa vanishi ambayo bado inanata vidoleni, na alama za brashi zinaonekana wazi. Matundu ya bolti yana mikwaruzo inayong'aa, ya kitu kilichokwisha kufungwa na kufunguliwa. Soketi ya zile nyaya tatu za njano imekunjamana upande mmoja kwa joto.

Kila anayeijua GL1200 anaijua soketi hiyo. Ndiyo inayoungua siku zote, hata mafundi wengi huikata na kuziunga nyaya kwa lehemu ili ugonjwa usirudi. Lakini soketi huungua kwa kupitisha umeme, na umeme haupiti kwenye kipuri ambacho hakijawahi kutoka kwenye boksi. Hilo halihitaji mhandisi.

Fundi hakuishia kwenye macho. Alichukua mita, akaweka ncha moja kwenye waya wa njano na nyingine kwenye chuma cha koili, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na njia ya umeme hata kidogo. Mita ikalia. Waya wa pili ikalia, wa tatu ikalia. Koili imeshoti kwenye bodi. Mmeniuzia koili mbovu, iliyosukwa upya ovyo, kwa jina la mpya, na juu yake mkabandika namba niliyowapa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Na mnajua koili hiyo inakaa wapi. Inakaa nyuma ya injini, ndani ya kifuniko cha nyuma, na kwenye GL1200 hakuna njia ya kuifikia bila kuishusha injini yote kwenye fremu. Unamwaga oili na maji ya rejeta, unatoa ekzosti, unatoa kabureta zote nne, unafungua mfumo wa klachi ambao ni wa haidroliki, unachomoa shafti ya kwenda gurudumu la nyuma, halafu watu wazima kadhaa wanaipokea injini ya silinda nne kwa mikono huku wanaombeana heri. Waliounda GL1500 iliyotoka mwaka 1988 waliliona tatizo hili wakaiweka jenereta mahali inapofunguliwa bila kugusa injini. Mimi sina GL1500. Mimi nina injini iliyo sakafuni juu ya mbao, kifuniko cha nyuma kiko wazi, kimefunikwa kwa plastiki vumbi lisiingie, na nafasi ya koili ni tupu.

Mnaelewa sasa kwa nini sikuwa na subira nilipoambiwa "subiri tutakupigia".

Tulipokuja kauntani, msimamizi wenu alimwita fundi wangu mwizi mbele ya wateja, akamwagiza mlinzi apekue mfuko wake. Naliandika kwa kifupi hapa ili mjue tunakoelekea. Nitalirudia.

Kabla ya siku hiyo nilipiga simu, na nilituma picha. Picha za boksi likifunguliwa ninazo zote, lebo ya juu na lebo ya chini, na saa ya kupigwa kila picha inaonekana. Nilijibiwa kwamba "hizo namba zinaingiliana, vyote ni vya Gold Wing". Gold Wing ipi? Ilianza na GL1000 mwaka 1975, ikaja 1100, ikaja 1200, ikaja 1500 yenye silinda sita. Ukimwambia mtu anayezijua kwamba vipuri vya hizo zote vinaingiliana, atadhani unamtania. Kipo kinachoingiliana na kipo kisichoingiliana, ndiyo maana kiwanda kikaandika namba. Na hata kama zingeingiliana, koili iliyoshoti haiingiliani na pikipiki yoyote.

Nilijibiwa pia kwamba vifaa vya umeme havirudishwi. Sitawanukulia kifungu chenu. Kisomeni hadi mwisho, pale panaposema juu ya bidhaa iliyofika ikiwa na kasoro. Mmekiandika ninyi.

Halafu kuna mikanda ya taimingi. Sikutaka kuileta hapa kwa sababu koili peke yake inatosha kuniharibia usingizi, lakini kwa kuwa tumefika huku, na iandikwe. Katika oda hiyohiyo niliagiza mikanda miwili, kwa kuwa injini ikiwa chini hakuna mtu mwenye akili anayeirudisha na mikanda ya zamani. Kwenye injini hii mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini ndiyo imekwisha. Mliileta ikiwa imekunjwa katikati na kubanwa kwa gundi ya karatasi, kama mtu anayekunja soksi. Mkanda wa taimingi haukunjwi. Nyuzi za ndani huvunjika na kwa nje huoni kitu, unakuja kuona ukiwa kwenye mwendo wa safari, na mtu mgongoni mwako, na mizigo kwenye masanduku ya pembeni. Pikipiki hii ina uzito wa zaidi ya kilo 300 bila abiria. Nani huko kwenu anafungasha vipuri? Je, aliwahi kuambiwa kinatumika kufanya nini?

Sasa kaunta.

Fundi wangu ni mtu mzima mwenye mvi. Amezifungua pikipiki hizi tangu zilipokuwa mpya. Hana makelele, akiongea anaongea na injini. Siku hiyo alivaa shati safi kwa sababu, alivyosema, tunakwenda ofisini kwa watu. Aliiweka koili juu ya kaunta taratibu, akatoa mita kwenye mfuko wake, akasema kwa adabu, "Mwanangu, naomba tupime pamoja, uone mwenyewe." Aliomba tu hivyo. Kipimo cha nusu dakika ambacho kingemaliza shauri lote.

Msimamizi wenu hakuitazama mita. Aliichukua koili kwa vidole viwili, akaigeuza mara moja, akaisukuma ikateleza hadi ukingoni mwa kaunta, nusura ianguke. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa waliokuwa wamekaa kwenye viti: "Hii si yetu. Yetu mmeificha, mmetuletea takataka yenu. Tumewazoea." Fundi akasema, tena kwa upole, kwamba picha zipo. Nami nikanyanyua simu nizioneshe. Msimamizi akasema hana muda wa picha, akaita mlinzi, akanyoosha kidole kwenye mfuko wa fundi: "Mpekue huyo, koili yetu imo humo."

Mlinzi alisita. Nataka ijulikane kwamba mlinzi, ambaye pengine mnamlipa kidogo kuliko wote hapo, ndiye pekee aliyeona aibu. Akaambiwa tena. Mfuko ukamiminwa juu ya kaunta: spana, soketi, koleo, kitambaa cha kufutia mikono, miwani ya kusomea, na dawa zake za presha. Koili haikuwamo, kwa sababu iliyokuwa juu ya kaunta ndiyo hiyo mliyotuma. Hakuna aliyesema samahani. Msimamizi alisema, "Haya, kusanya vitu vyako, kuna wateja," kisha akanigeukia: "Na wewe, pikipiki ya umri huo peleka kwenye vyuma chakavu, usitusumbue."

Watu walikuwa wanatazama. Fundi wangu alikusanya spana zake moja moja, kwa mpangilio wake wa siku zote, kubwa chini na ndogo juu. Miwani ilikuwa imeanguka sakafuni. Niliinama kuiokota mimi.

Kuhusu vyuma chakavu nina la kusema. Ninyi mna ukurasa mzima wa vipuri vya pikipiki za safari za miaka ya 1980 na 1990. Mnatangaza vipuri vya GL, vya BMW R100RT, vya Kawasaki GTR1000. Mnajua kwamba viwanda vimeacha kutengeneza vingi kati ya hivyo, kwamba mwenye pikipiki hizo hana pengine pa kwenda, na bei zenu mmezipanga mkijua hivyo. Hela ya chuma chakavu mnaipokea bila kuuliza umri wake. Umri unaonekana chuma hicho kikirudi na malalamiko.

Madai yangu nilikuwa nimeyapanga kuwa mawili: mnirudishie hela ya koili na ya mikanda, na mwenye kosa aombe radhi. Niliazimia kuwapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii.

Lakini kwa kadiri ninavyoandika naona ni madogo. Injini imekaa chini wiki baada ya wiki kwa kuwasubiri ninyi. Gasketi ya kifuniko cha nyuma na oringi zake nilikwisha kununua, kwenye oda yenu hiyohiyo. Fundi nilikwisha kumlipa kazi ya kushusha, na nitamlipa kupandisha, na siku aliyoipoteza kuja kumwagiwa spana kauntani kwenu ni siku ya kazi pia. Kwa hiyo ninadai hela ya vipuri yote pamoja na gharama ya usafirishaji. Ninadai malipo ya siku ya fundi. Ninadai barua ya kuomba radhi yenye muhuri wa kampuni na sahihi yako wewe Meneja, iandikwe kwa jina lake, si langu, ikisema wazi kwamba hakuiba kitu. Simu haitatosha, na ujumbe mfupi wa "tunasikitika kwa usumbufu" nitaurudisha kama ulivyokuja. Na kwa kuwa alivuliwa heshima hadharani, nataka msimamizi yule amtamkie fundi samahani palepale kauntani, saa ya wateja.

Ninadai pia maelezo ya maandishi kuhusu ile lebo iliyobandikwa juu ya lebo. Makosa ya kufungasha ninayafahamu, hutokea. Lebo haijibandiki. Kuna mtu kwenu aliyechapa namba yangu na kuibandika juu ya kitu alichokijua kuwa si chenyewe. Kama amefanya hivyo kwangu, kuna wengine ambao hawakupitisha ukucha, wakafunga injini, na sasa wako njiani na betri inayokufa, hawajui kwa nini.

Koili hiyo ninayo. Siirudishi tena kauntani. Mkiitaka itakuja na wakili wangu, na itapimwa mbele yake kwa mita ya fundi wangu. Picha zinakwenda leo kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na nakala ya barua hii. Waendesha pikipiki za safari tunajuana, na watakaotaka kuona lebo hizo mbili nitawaonesha.

Nimesoma barua hii tangu mwanzo. Pale nilipoandika siku 14, someni siku 7.

Wenu,
Mteja mwenye oda tajwa.

Nakala:
Wakili wangu.
Mamlaka ya kulinda walaji.
Fundi wangu, kwa taarifa.