Barua kwa Hamisi: usiizungushe distributa bado

Shangani,
Mtwara.

Ndugu yangu Hamisi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na mama watoto. Sisi huku hatujambo. Umeniandikia kwamba Corolla yako imeanza kugonga kila unapotoka Masasi kupanda Newala, na kwamba fundi ameshauri ailegeze distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, na kuizungusha kwa kusikiliza mlio mpaka injini itulie. Nakuomba usimruhusu kwanza.

Kupanga taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, kwa sikio kulifaa kwa magari ya kabureta, kwa sababu distributa zake zilisogeza cheche zenyewe kwa vyuma vya uzito na mvuto wa hewa, na fundi mzoefu aliweza kukaribia sana. Injini yako ya 5A-FE nayo ina distributa, lakini ndani yake mna vihisi vinavyoiarifu kompyuta injini imefika wapi katika mzunguko wake, na kompyuta ndiyo inayoamua cheche itoke lini kwa kuangalia kasi ya injini, hewa inayoingia na joto la maji. Fundi anapoizungusha distributa, kompyuta haina habari. Huendelea kuhesabu kutoka pale inapodhani ndipo mwanzo, na kosa la nyuzi tano alilolitia injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, litaifuata injini hiyo mpaka kwenye mwendo wa kasi. Isitoshe, injini ikiwa sailensi kompyuta huisogeza cheche mbele na nyuma ili mngurumo usiyumbe, kwa hiyo anayepima bila kuituliza ni kama fundi cherehani anayempima mtu kanzu huku mtu huyo anatembea.

Kuituliza si kazi kubwa. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na upande wa ndani wa kifuniko chake pamechorwa majina ya matundu yote. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya, ukijihadhari usiguse tundu la +B, kwa maana hilo lina umeme wa betri na litaunguza fyuzi. Kisha washa swichi bila kupiga stata, uitazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mapigo yaliyo sawa, kompyuta haina hitilafu iliyoihifadhi. Ikipepesa kwa makundi, inakuhesabia namba ya hitilafu, nayo ishughulikiwe kabla ya taimingi. Namba 41, kwa mfano, ni ya kihisi cha throto, kile kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta, na kihisi hicho kisipoiarifu kompyuta kwamba mguu haupo kwenye mafuta, kompyuta haitatulia hata ukiunganisha waya mara ngapi. Mafundi wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye manufaa kuliko zote.

Waya ukiwa bado umeunganishwa, injini iwe imeshapata moto, ac na taa zote zimezimwa, na sailensi iwe karibu na mizunguko 800 kwa dakika. Bana koleo la taa ya taimingi, ile inayomweka kila cheche inapotoka, kwenye waya wa plagi namba 1, ile ya upande wa mkanda, kisha mulika puli ya krenki. Mfereji wa kwenye puli unatakiwa uonekane kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kikomo cha juu. Upake chokaa mapema, maana kwa vumbi la huko kwenu hutauona. Ikiwa haupo hapo, legeza bolti za distributa kiasi cha kuiwezesha kusogea kwa mkono, uisogeze kidogo kidogo. Ukiizungusha kinyume na inavyozunguka rota, kile kipande cha ndani ya distributa, cheche huwahi; ukiifuata rota, cheche huchelewa. Kaza bolti, upime tena, kwa kuwa kukaza nako huisogeza. Ukiuchomoa ule waya utaiona alama ikianza kuhamahama. Hiyo ni kompyuta imerudi kazini, usihangaike kuifuata.

Sasa kuna jambo linalonitia shaka. Umesema mkanda wa taimingi ulibadilishwa hivi karibuni. Distributa huzungushwa na kemushafti, ile shafti inayofungua valvu, na kemushafti huzungushwa na mkanda huo, hivyo ukifungwa kwa kuruka jino moja, cheche na valvu zote zitakosea pamoja. Kuzungusha distributa kutairekebisha cheche peke yake, alama itasoma nyuzi 10 vizuri kabisa, na gari litabaki halina nguvu mlimani. Kwa hiyo ukikuta ni lazima distributa isogee sana, karibu na mwisho wa nafasi ya bolti zake, acha, ufungue kava la mkanda ulinganishe alama za magurudumu kwanza.

Na kama nyuzi zitakuwa sahihi tangu mwanzo, usiiguse distributa kabisa. Angalia joto la injini, namba ya plagi zilizofungwa, na ile petroli ya kwenye madumu unayonunua njiani, ambayo mimi siiamini hata kidogo.

Taa yangu ya taimingi nitampa dereva wa basi la Newala Jumamosi hii. Vibanio vyake vya betri ni chekundu na cheusi; usivigeuze. Ukimaliza niandikie ulikuta nyuzi ngapi kabla hujagusa kitu.

Wasalaam,
Rafiki yako Saidi.