Barua ya wazi kwa Rais wa FIA (Shirikisho la Kimataifa la Magari): Hewa ya Naivasha si hewa ya Sardinia

Mheshimiwa Rais Mohammed Ben Sulayem,

Salaam kutoka Gilgil. Mimi ni fundi wa magari, kazi yangu kubwa ni kufufua Subaru za watu zilizochoka, na kila Safari Rally, raundi ya Kenya ya mashindano ya dunia ya rally, ikifika Naivasha nafunga gereji. Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu ulikuwa dereva kabla hujawa rais. Mtu aliyetwaa ubingwa wa rally wa Mashariki ya Kati mara 14 hahitaji kuelezwa restrikta, ile pete inayobana hewa inayoingia kwenye injini, ni kitu gani.

Juni 2022, magari ya rally ya haibridi (injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme) yalipokuja Kenya mara ya kwanza, nilisimama kando ya barabara karibu na sehemu ya huduma, magari yanakotengenezwa, nikiwa nimembeba mpwa wangu mabegani. Toyota moja ikatoka ikitambaa kwa umeme mtupu. Hakuna mlio, unasikia kokoto tu zikisagika chini ya tairi. Mtoto akaniinamia sikioni: "Mjomba, limezima?" Nilicheka, lakini kusema kweli hata mimi moyo ulikuwa umeshtuka kidogo. Gari la Safari hupita kimya kama paka jikoni?

Kwa hiyo mlipoiondoa haibridi kuanzia msimu wa 2025, nilishangilia kama wengine. Uzito wa chini ukashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180. Restrikta ikapunguzwa kutoka milimita 36 hadi 35. Machi mwaka huo dereva Elfyn Evans akashinda hapa, akimwacha mwenzake Ott Tänak kwa zaidi ya dakika moja. Kilo 80 si mchezo kwenye barabara zetu. Gari likiruka tuta la Kedong na kutua, kilo hizo zote zinadai haki yao kwa shokabzoba.

Ila nilipotulia nikaanza kupiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo imenifanya nikuandikie.

Restrikta ni koo la injini. Turbo hata ikizunguka namna gani, haitavuta hewa zaidi ya koo hilo linavyoruhusu. Sasa Naivasha tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, msukumo wake uko chini kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Tundu lilelile la milimita 35 linalopumua vizuri kwenye rally ya Sardinia, kisiwa cha Italia, hapa linapitisha hewa pungufu kwa kiasi hichohicho, na nguvu zinafuata njia hiyo. (Subaru ya mteja wangu yenye turbo haiteseki hivyo, kwa sababu hakuna aliyeiziba koo. Turbo inajitahidi na kufidia.) Halafu juu ya hapo mkatoa milimita moja zaidi. Kwa jicho ni kitu kidogo, ila eneo la tundu limepungua zaidi ya asilimia 5.

Na ile mota ya haibridi? Ilikuwa na kilowati 100, na mota ya umeme haivuti hewa. Ilitoa nguvu ileile ufukweni na ileile juu ya Bonde la Ufa. Maana yake, mlipoing'oa, Safari ilipoteza sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake kuliko raundi za usawa wa bahari. Siiombi irudi, Mungu apishe mbali. Nataka tu mjue kwamba kanuni moja iliyoandikwa mezani ilitua kwa uzito tofauti huku kwetu.

Si mara ya kwanza. Baada ya dereva Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto kufa kwenye rally ya Corsica Mei 1986, magari ya Kundi B, yale yenye nguvu za kupindukia, yaliondolewa, na hapo sina ubishi: watu walikuwa wanakufa. Lakini mwaka uliofuata, chini ya kanuni mpya za Kundi A, magari yaliyo karibu zaidi na ya kawaida, aliyeshinda Safari ni Hannu Mikkola ndani ya Audi 200, saluni kubwa ya mzee wa ofisini! Marehemu baba alilisimulia gari hilo hadi uzeeni. Kanuni mpya ikifika Kenya huzaa kitu ambacho walioiandika hawakukiwaza.

Sasa 2027 inakuja na magari ya nguvu za farasi takriban 300, bei isiyozidi euro 345,000, yakishindana pamoja na Rally2, magari ya daraja la chini yake ya sasa. Bei hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ninyi wenyewe mmesema mnataka hata karakana ndogo zijenge magari, si kampuni kubwa pekee. Vizuri sana. Lakini toa moja ya tano kwenye farasi 300 uone kinachobaki kupanda kwenye hatua ya Sleeping Warrior, kwenye vumbi laini kama unga wa ngano.

Najua jibu litakalotoka Paris: wote wanabanwa sawa, kwa hiyo mashindano ni ya haki. Si kweli kabisa. Timu kubwa ina fedha za kuipima injini kwa hewa nyepesi miezi kadhaa kabla, ikapanga ramani ya turbo na mafuta. Karakana ndogo mnayoikaribisha itagundua tatizo Alhamisi ya mashindano, dereva akiwa tayari amevaa kofia.

Ombi langu ni hili: restrikta ifuate mwinuko. Raundi ikiwa juu ya mita 1,500, kwa mfano, tundu lipanuliwe kwa kipimo kitakachorudisha hewa iliyopotea, kwa magari yote, na kipimo hicho kitangazwe mapema. Ni kipande cha chuma. Kwenye gereji yangu kukibadilisha hakumalizi kikombe cha chai.

Wahandisi wako wakiketi kukamilisha kanuni hizo, naomba uwaulize swali moja kwa niaba yangu: Naivasha 2027, milimita ngapi?

Wako,
Fundi wa Gilgil